Maua Yasiyo na Kitumbo

Kila alfajiri, kabla hajawasha jiko, Mama Mapacha alichuchumaa kati ya tuta la mchicha na tuta la nyanya akamwombea wifi yake safari. Hakumwombea kifo, maana alikuwa mcha Mungu na alijua mipaka. Alimwombea safari tu: apate mume wa mbali, kazi ya mbali, au jamaa wa mbali atakayemwita na kumweka.

"Ee Mungu," alinong'ona, pindo la gauni limelowa umande, "dunia yako ni pana. Mtafutie mja wako huyu nafasi popote, isipokuwa hapa."

Alipofumbua macho wifi yake alikuwa bado yupo, amesimama dirishani na kikombe cha chai, anamtazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Nyumba ilikuwa ya marehemu wazazi wa mumewe. Ilibaki kwa watoto wawili: mumewe, ambaye ni dereva wa lori, na dada yake mkubwa. Huyo dada aliolewa mji mwingine, akakaa huko miaka mingi bila kupata mtoto, mpaka siku mumewe alipomletea mke mwenza mwenye mimba. Akafunga sanduku moja na gunia moja, akarudi kwao. Sanduku lilikuwa na nguo. Gunia lilikuwa na vipandikizi vya waridi na vitunguu vya mayungiyungi, vimefungwa kwa magazeti mabichi. Kazi yake ilikuwa kupamba kumbi, na kumbi hazipambwi kwa maneno.

Basi alipofika hakuuliza. Alishika jembe akachimba nusu ya uwanja wa nyuma.

Hapo ndipo vita vilipoanza, kwa kuwa uwanja ule Mama Mapacha alikuwa ameuanza mwenyewe. Aliolewa katika nyumba isiyo yake, akapikia sufuria zisizo zake, akalala kwenye kitanda walichochagua wengine. Lakini uwanja aliukuta ni makopo na matairi. Aliuchambua kwa mikono, akabeba mbolea ndoo kwa ndoo, na hapo katikati ya mboga ndipo alipozoea kusali. Ndani ya nyumba sala zake ziligonga dari. Huku nje zilipanda.

Dereva alijaribu kusuluhisha. Alipanga safu ya matofali katikati ya uwanja, mboga huku, maua kule, akasema atakayeruka mpaka huo atamjua yeye ni nani. Matofali hayakuzuia ulimi. Mwishowe, usiku mmoja wakati wa chakula, alisukuma sahani.

"Sikilizeni. Mimi wiki nzima nasikiliza injini. Nikirudi nyumbani nawasikiliza ninyi. Afadhali injini, ina ufunguo wa kuizimia."

"Mwambie mkeo," alisema dada yake.

"Mwambie dada yako," alisema mkewe.

"Nawaambia wote. Nimepata pikapu, na pikapu inataka mahali pa kulala. Majirani wote wamemwaga zege, uwanja mkavu, safi, hakuna tope wala ugomvi. Sasa naenda safari ndefu. Nikirudi nikakuta bustani inalisha nyumba hii, nitafunga mdomo. Nikikuta matusi na majani, namwaga zege kutoka ukuta hadi ukuta."

"Si inalisha sasa hivi?" Mama Mapacha aliuliza. "Huo mchicha unaokula umetoka wapi?"

"Mchicha siuhesabu. Mchicha unaingia jikoni furushi, unatoka kiganja. Nataka kitu cha kushika kwa mikono miwili."

Akaondoka na lori lake, akawaachia hilo neno.

Kitu cha kushika kwa mikono miwili. Mama Mapacha alijua mara moja ni nini. Alikuwa mpishi wa shule, na jikoni kwake maboga yalifika kwa magunia. Alichukua mbegu za boga lililokuwa zuri kuliko yote, akazikausha dirishani, akazipanda kando ya ukuta katika mashimo yaliyojaa mbolea.

Mwanzo bustani ilimpenda. Maboga yaliota kwa pupa, yakatupa mikono huku na huko, majani mapana kama sinia. Nyanya zilisimama. Bamia zilichanua. Kisha mvua ikanyesha bila kipimo, nyanya zikapasuka zikiwa mbichi, konokono wakautafuna mchicha mpaka ukawa kama chandarua kibovu. Bamia zikapata utitiri. Mama Mapacha aliokota konokono mmoja mmoja akawatia kwenye maji ya chumvi, akiwaomba radhi. Hakuvunjika moyo. Tumaini lake lilikuwa kwenye maboga, na maboga yalikuwa yameanza kutoa maua.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa bidii.

Maua ya maboga yalikuwa ya namna mbili. Mengine yalikuwa na kitumbo nyuma yake, kidogo kama goroli, kijani na cha mviringo, boga dogo ambalo tayari linajijua. Mengine yalisimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, yamejivuna, njano tupu, nyuma hakuna kitu. Na hayo matupu ndiyo yalikuwa mengi.

Sasa, mpishi wa shule maisha yake ni kuchambua. Mchele, maharage, dengu: kilichojaa kinabaki, kilicho kitupu kinatupwa. Mkono wake ulikuwa umeshazoea hata usingizini. Hakufundishwa na mtu yeyote habari za maua. Aliyatazama tu, akayahukumu. Haya matupu yanakula mbolea ya bure. Basi kila alfajiri, baada ya amina, alipita kwenye matawi akayachuma yote yasiyo na kitumbo, hata yaliyokuwa bado yamefumba, akayatupa kwenye shimo la takataka.

Na kwa sababu dirisha la wifi lilikuwa wazi, hakuyachuma kimyakimya.

"Wewe hapa," aliliambia ua moja siku ya kwanza, kwa sauti ya kufika mbali, "unakula mbolea yangu, unakunywa maji yangu, umekaa unachanua tu, huzai. Toka!"

Upande wa pili wa matofali wifi alikuwa ameinama kwenye kizingiti cha mlango wake. Aliinuka polepole.

"Wengine," alisema, akiangalia angani, "Mungu aliwapa watoto wawili kwa mkupuo mmoja, akasahau kuwapa adabu hata moja."

"Nani kakutaja, wifi? Mimi naongea na maboga yangu."

"Na mimi naongea na waridi langu. Waridi, umesikia? Jirani yako ana mdomo kama bomba lililopasuka. Usinywe maji yake."

"Heri bomba. Linatoa kitu."

Wifi aliingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza, na kule kutoubamiza kulimpendeza Mama Mapacha siku nzima. Shuleni alikata vitunguu huku anaimba.

Kuanzia siku hiyo aliyafukuza maua matasa kila asubuhi, na kila asubuhi alitafuta neno jipya la kuyafukuzia. Vitumbo navyo vikabaki peke yavyo kwenye matawi, vimepangika vizuri kama mtihani uliosahihishwa. Akavihesabu kwa furaha.

Kisha vikaanza kufa.

Kitumbo cha kwanza kiligeuka njano nchani. Kikalegea, kikasinyaa, alipokigusa kikadondoka kama jino bovu. Akasema ni jua. Kikaanguka cha pili na cha tatu. Akasema ni maji mengi, akapunguza. Akasema ni maji machache, akaongeza. Akatia majivu. Akapiga magoti akasali kwa kila shina. Vitumbo vikaendelea kuoza, kila siku vinachanua vipya na kila siku vya zamani vinadondoka.

Mtu hawezi kusali hivyo na bado akakosa bila kuwapo mkono wa mtu. Hilo ndilo lililomjia. Siku moja alipiga magoti karibu na matofali, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akauonja.

"Unatafuta nini humo?" sauti ya wifi iliuliza juu yake. "Njaa imefika huko?"

"Natafuta chumvi."

"Chumvi iko jikoni."

"Chumvi ya kumwagiwa mboga za watu iko kwenye mikono ya watu."

Wifi alitazama viganja vyake, akavigeuza pande zote mbili. "Ningetaka kukumwagia kitu, wifi, nisingekuchagulia chumvi. Chumvi ghali."

Jioni dereva alipiga simu. Alikuwa njiani kurudi. Alisema mchanga ameshauagiza, utamwagwa nje ya geti, na mafundi wako tayari.

"Maboga yako vipi?"

"Yanakuja," alisema Mama Mapacha.

"Yanakuja kwa miguu?"

"Baba Mapacha, nimekuambia yanakuja. Dada yako ndiye anayaharibu. Huyu mtu akiondoka hapa hata mawe yatazaa. Mtafutie chumba mahali, nimekuomba mara ngapi?"

"Nikifika nitaona kwa macho yangu," alisema, akakata.

Alfajiri iliyofuata hakusali. Alikwenda moja kwa moja kwenye matofali kukagua tena, na ndipo alipoona kitu ambacho kiburi chake kilikuwa kimemzuia kukiona. Tawi moja la maboga yake lilikuwa limevuka mpaka. Lilipita juu ya tofali, likaingia chini ya mayungiyungi, likaendelea mpaka karibu na ukuta wa chumba cha wifi. Kwa kuwa aliapa kutokanyaga upande ule, hakuwa ameligusa. Na kule mwisho wake, dirishani kwa wifi, kulikuwa na glasi ya maji imejaa maua ya njano yenye vikonyo virefu.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Maua yangu!"

Pazia likafunguliwa. Wifi alikuwa hajachana nywele. "Yamechanua upande wangu."

"Mizizi iko kwangu!"

"Basi ivute mizizi, uyafuate."

"Sasa nimekujua! Kumbe ndiyo sababu! Unayachuma, unayatia kwenye maji, unayasemea maneno humo ndani, na huku nje maboga yangu yanakufa. Mchawi wewe!"

Wifi alianza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilitoka kikavu, kikakatika.

"Mimi nayaua? Mwanamke wewe, maboga yako unayaua mwenyewe, kwa vidole vyako, kila siku ukishasema amina."

"Unasema nini?"

"Hayo unayoyatupa kwenye takataka. Hayo unayoyaita matasa. Hayo ndiyo madume, wifi. Yana unga wa njano katikati. Nyuki anautoa pale anaupeleka kwenye lenye kitumbo, ndipo kitumbo kinashika. Bila unga huo kitumbo kinaoza. Hakuna chumvi wala uchawi. Umewafukuza waume, unashangaa wake hawazai."

Mama Mapacha akatazama shimo la takataka, ambako maua ya wiki nyingi yalikuwa yamelala yameoza, rundo zima.

"Ulijua," alisema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nakuja kukuambia." Wifi alishika kingo za dirisha. "Siku ile ya kwanza nilikuona unayachuma, nikasema huyu hajui, ngoja nimwambie kabla hajamaliza yote. Nilikuwa mlangoni navaa viatu. Kimoja kilikuwa mguuni tayari. Ndipo nikakusikia unaliambia ua: umekaa unachanua tu, huzai, toka. Nikavua kiatu."

Nyumba ya jirani bomba lilifunguliwa, likafungwa.

"Na haya ya kwangu," wifi aliendelea, akaipiga glasi kwa kucha, "nayachuma kabla nyuki hawajaamka, wasije wakakuhudumia kwa bahati mbaya."

"Zege likimwagwa, waridi zako nazo zinafunikwa!"

"Najua."

"Na unafanya hivyo?"

"Mimi nimeshafunikwa zamani, wifi. Nilitaka kuona wewe utapumuaje." Akavuta pazia.

Siku ile jikoni shuleni Mama Mapacha alichambua maharage vibaya mpaka msaidizi wake akamwondolea sinia. Akaingia stoo, akasimama katikati ya magunia, akafumba macho. Alikuwa na kesi kubwa ya kumpelekea Mungu, na ushahidi wote ulikuwa upande wake: mtu aliyejua akanyamaza, mtu aliyechuma maua kwa makusudi ili mwenzake apotelewe. Alianza. "Ee Mungu, umemwona..." Sala ikagoma kama kiberiti kilicholowa. Akajaribu tena. "Ee Mungu, umemsikia..." Na hapo akajisikia yeye mwenyewe, sauti yake ile ya alfajiri, ya kufika mbali. Huzai. Toka. Alikuwa ameitoa hata mdomo haujapoa kwa amina.

Hakuona nuru wala hakusikia sauti. Alichopata ni aibu tu, na ilikuja na harufu ya vitunguu. Hakumsamehe wifi yake. Aliendelea kumchukia vilevile, ila sasa alimchukia akiwa amejiona.

Na mumewe alikuwa njiani.

Kesho yake, mbingu ikiwa kijivu, alisimama mbele ya safu ya matofali.

"Hodi," alisema.

Akagonga tofali kwa ncha ya ndala.

"Nimesema hodi."

"Nimesikia," sauti ilijibu kutoka dirishani. "Sijakaribisha."

Akasubiri. Umande uliingia kwenye ndala zake. Baada ya muda mlango ulifunguliwa, wifi akatoka, miguu mitupu, akaja mpaka karibu na matofali akafunga mikono kifuani.

"Unataka nini?"

"Maua."

"Yapi?"

"Yale. Ya kiume."

"Siku zote ulikuwa unayaitaje?"

"Matasa."

"Uliyaambiaje siku ile? Nisemee yote. Umesahau? Mimi sijasahau."

"Nilisema yanakula mbolea yangu. Yanakunywa maji yangu. Yamekaa yanachanua tu, hayazai. Yatoke."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Hili ndilo lilikuwa gumu. Aliangalia chini, akaangalia kando, na popote alipoangalia kulikuwa na ua.

"Na wewe," alisema.

"Sema kama mtu mzima."

"Nilikuwa naongea na wewe, wifi. Sikuwa naongea na maboga. Nilitaka ikuume."

"Iliniuma."

"Na wewe uliyachuma ili nikose."

"Ndiyo. Nilitaka ulie."

"Nimelia."

"Vizuri." Wifi alisogea pembeni. "Pita. Ukikanyaga mayungiyungi yangu nakurudisha kwa fimbo."

Alimwonyesha kazi kwa ukali, kama mwalimu aliyechoshwa na darasa. Alichuma ua dume lililofunguka, akalivua petali moja moja mpaka kikabaki kijiti chenye unga wa njano nchani. Akampa. Wakavuka pamoja kwenda upande wa mboga, mpaka kwenye ua lenye kitumbo lililokuwa limefungua mdomo.

"Gusa katikati. Zungusha. Taratibu, mama! Hukorogi sufuria ya shule."

"Nimezungusha."

"Umelichoma. Lete hapa. Angalia mkono wangu."

Mama Mapacha aliangalia mkono wake. Ulikuwa na makovu ya miiba kila mahali, na uliligusa lile ua kwa upole ambao hakuwahi kuuona ukitumika kwa mtu yeyote nyumbani mle. Unga ukabaki kwenye ua jike, doa la njano.

"Na yale mengine kwako yasichumwe," wifi alisema, "hata moja. Kuanzia leo ukiona ua halina kitumbo, lisalimie."

Wakaendelea hivyo kila alfajiri, na kila alfajiri waligombana: nani amwagilie wapi, nani kaacha ndoo njiani, nani ana vidole kama magogo. Baadhi ya vitumbo vilioza bado. Kimoja kilichokuwa kimeshika kiliingiwa na funza, na Mama Mapacha akakizika kwa huzuni kubwa. Lakini vingine havikugeuka njano. Vilibaki kijani, vikakaza ngozi, vikavimba. Asubuhi ngumi, baada ya siku chache kichwa cha mtoto. Dereva naye lori lilimharibikia njiani akakwama wiki kadhaa akisubiri spea, na Mama Mapacha alishindwa kuamua kama ashukuru kwa hilo au ni dhambi.

Alipofika, alifika na pikapu. Mchanga ulikuwa umeshamwagwa nje ya geti, lundo refu kama kichuguu. Aliingia nyuma ya nyumba na funguo kidoleni, akizizungusha, akasimama.

Maboga yalikuwa yamelala kando ya ukuta, yamejaa, na moja kubwa katikati ya majani. Akainama, akalikumbatia kwa mikono miwili ili alinyanyue.

"Usilivute!" wanawake wawili walipiga kelele kwa pamoja.

Akaliachia. Akamtazama mkewe, akamtazama dada yake, akashangaa kuwakuta upande mmoja wa matofali.

"Sawa," alisema. "Mimi mtu wa neno langu. Nilisema kitu cha kushika kwa mikono miwili, nimeshika. Upande wa mboga sitaugusa." Akageuka, akanyoosha mkono wenye funguo. "Zege namwaga upande ule. Maua hayaliwi. Pikapu itaingia pale vizuri tu, na nafasi inabaki. Mke wangu, umefurahi?"

Mama Mapacha alijua vizuri kilichotokea. Waridi zikifunikwa, wifi hatakuwa na maua ya kupambia kumbi, na asipokuwa na kazi hatakuwa na sababu ya kukaa. Angefunga sanduku lake. Sala yake ya miaka yote ilikuwa imejibiwa, imesimama mbele yake, inazungusha funguo. Na hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kunyamaza tu.

Wifi naye hakumwomba mdogo wake, wala hakumtazama mtu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Zege hutamwaga," alisema Mama Mapacha.

"Nini?"

"Pale. Hutamwaga. Angalia majirani, kote ni sakafu. Nyuki wanakuja hapa kwa ajili ya waridi, hawaji kwa ajili ya mchicha wangu. Ukifunika maua, mwakani utashika hewa kwa mikono miwili." Alivuta pumzi, maana lililobaki lilikuwa kubwa kuliko mdomo. "Na haya maboga uliyoyakumbatia, aliyeyashikisha ni dada yako. Mimi nilikuwa nayaua. Yote. Kwa ujinga wangu na kwa ulimi wangu."

Dereva alikuna kichwa. "Wewe si ndiye kila nikipiga simu unaniambia nimtafutie chumba? Si ulisema akiondoka hata mawe yatazaa?"

Wifi aliinua macho.

"Nilisema," alijibu Mama Mapacha.

"Na sasa?"

"Bado nataka aondoke. Lakini zege hutamwaga."

Dereva alitafuta msaada kwa dada yake. "Dada, umesikia maneno hayo? Mbele yako kabisa!"

"Nimesikia. Na mimi simpendi," alisema wifi. "Fanya alivyosema."

"Sasa pikapu yangu italala wapi?"

"Barabarani," alisema dada yake. "Si ndiko unakolala wewe?"

Mama Mapacha akacheka kabla hajajizuia. Dereva akatazama funguo zake, akatazama lile boga, akaingia ndani akidai chakula. Mchanga ulibaki nje ya geti mpaka mvua yenyewe ikauchukua, na safu ya matofali ilibaki palepale ilipokuwa.

Alfajiri iliyofuata Mama Mapacha alichuchumaa mahali pake, akafumba macho. "Ee Mungu," alianza, kisha akakwama. Ile sala ya safari aliijua kwa moyo, lakini haikutoka, na nyingine hakuwa nayo bado.

"Mbona umenyamaza?" sauti iliuliza kutoka dirishani.

"Natafuta maneno."

"Tafuta haraka, maua yamefunguka. Na usinitaje humo bila kuniuliza."

"Nitakutaja nikitaka."

"Nitaje kwa jema basi, siyo kila siku kunisafirisha. Ulidhani sisikii?"

Mama Mapacha alifumbua macho. Miaka yote ile, kila neno. Akageuka kutazama dirisha, lakini wifi alikuwa ameshatoka pale, na mlango wake ulikuwa wazi.

"Umevaa viatu?" aliuliza kwa sauti.

"Kimoja."

"Vaa cha pili uje. Kuna mawili yamechanua huku, na mkono wangu bado mzito."